Kwa nini mwenzangu akisema watu wanacheka, mimi nikisema naitwa mkabila?

Swali la msomaji: “Mwalimu, habari. Mimi ni emsii hapa Nairobi, nafanya maharusi na shoo ndogondogo, kwetu ni Kakamega. Mwezi jana kwenye sherehe moja niliiga lafudhi ya Wakikuyu nikatupia na zile joke za kupenda pesa, mama mmoja akasimama mbele ya watu wote akasema naleta ukabila, na tangu siku hiyo simu za kazi zimepungua. Lakini wiki moja kabla, mwenzangu ambaye ni Mkikuyu alipiga joke zile zile watu wakavunjika mbavu. Ni kama Marekani tu, weusi wanaitana lile neno la kuanzia na N kwenye komedi kutwa nzima, mzungu akilisema mara moja kazi imeenda. Huu si unafiki? Na Desemba nina harusi, bwana Mjaluo, bibi Mkikuyu. Niseme nini, ninyamazie nini?”

Ndugu yangu, pole sana, najua kwa kazi yako simu ikinyamaza wiki mbili unaanza kuhesabu kodi ya nyumba. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako naletewa karibu kila muhula na wanafunzi wangu wa isimujamii, na wengi wanaliuliza wakiwa na hasira kama wewe. Unafiki upo, sikatai, ila nadhani unauona pale ambapo haupo na pale ulipojaa umepapita.

Tuanze na hilo la Marekani maana watu hupenda kulitaja kama ushahidi. Wewe unasema weusi “wanaruhusiwa”. Na nani? Hakuna kikao kilichokaa kikawapa ruhusa, na weusi wenyewe hawajawahi kukubaliana juu ya lile neno hata siku moja. Mchekeshaji Dick Gregory alilifanya jina la kitabu cha maisha yake mwaka 1964, akamwandikia mama yake kwamba kuanzia sasa akilisikia popote ajue wanatangaza kitabu cha mwanawe. Yaani alitaka kulipora kutoka mkononi mwa wenye kulitumia kama fimbo. Miaka kumi baadaye, 1974, mchekeshaji mwenzake Richard Pryor akatoa albamu ya vichekesho yenye neno hilo hilo kwenye jina, ikashinda tuzo ya Grammy, na kwenye steji alikuwa analimwaga kama maji. Sasa sikiliza, hii sehemu inatuhusu. Mwaka 1979 Pryor alikuja Kenya. Anasimulia mwenyewe katika shoo yake iliyorekodiwa na kutoka 1982 kwamba alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa hoteli anatazama watu wanavyopita, akajiuliza anaona nini, akajijibu naona watu wa kila rangi wakifanya kila kazi. Akajiuliza tena, je, unamwona yeyote wa kuitwa lile neno? Hapana. Unajua ni kwa nini? Kwa sababu hawapo. Akatambua amekaa wiki tatu nzima bila kulitamka hata mara moja, machozi yakamtoka, akarudi kwao akasema hatamwita mtu mweusi hivyo tena. Yule ndiye aliyelipa umaarufu jukwaani kuliko mtu yeyote, na aliliacha kwa kukaa tu akitazama watu wa huku kwetu wakipita.

Mchekeshaji mweusi mwingine, Chris Rock, naye 1996 alikuwa na kipande maarufu sana ambacho chote kinazunguka neno lile, anawatenganisha weusi na “wale wengine”. Kilimtajirisha. Baadaye akaacha kukifanya, akaeleza hadharani kwamba kuna wabaguzi waliokisikia wakaona wamepewa kibali cha kusema. Mwenzao Dave Chappelle 2005 aliondoka kwenye kipindi chake mwenyewe cha televisheni katikati ya kurekodi, na alipohojiwa mwaka uliofuata akasema kuna mzungu mmoja pale kwenye kurekodi aliyecheka kwa namna iliyomshtua, hakuwa anacheka pamoja naye, alikuwa anamcheka. Kicheko kimoja tu, mtu akaacha mamilioni ya dola. Halafu Novemba 2006 Michael Richards, mchekeshaji mzungu, akiwa jukwaani Los Angeles, akakasirishwa na watazamaji weusi waliokuwa wanaongea, akawapigia kelele kwa neno lile tena na tena, na akawakumbusha kwamba miaka hamsini nyuma wangekuwa wametundikwa kichwa chini. Baada ya hapo Paul Mooney, mweusi, mwandishi wa Pryor, ambaye alikuwa analitumia kuliko wengi, akatangaza analiacha. Julai 2007 NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kikalifanyia neno hilo mazishi pale Detroit, na jeneza kabisa.

Kwa hiyo unachokiita ruhusa ni ugomvi wa ndani ya nyumba ambao haujaisha. Sasa mtu wa nje akija akasema “mbona nyinyi kwa nyinyi mnaitana”, ameingia kwenye ugomvi wa ndugu akiwa amebeba ile ile fimbo iliyowapiga babu zao. Michael Richards hakuponzwa na rangi yake peke yake, angalia alichokifanya: alichukua neno na kulirudisha kwenye kazi yake ya zamani, kumtisha mtu kwa kifo.

Maneno yana kazi, ndugu yangu, na kazi hubadilika kwa mahali. Chukua neno tunalolijua vizuri, kafiri. Mzee wa msikitini Lamu akisema kafiri anamaanisha asiyeamini, unaweza usilipende lakini ni neno la dini. Wafanyabiashara Waarabu walilitumia hivyo hivyo, Wareno wakalibeba, likafika Sri Lanka, na huko kuna jamii ndogo yenye asili ya Afrika ambayo mpaka leo wanajiita hivyo na hawaoni tusi. Likafika Afrika Kusini, na kule lilipakwa karne nzima ya kunyang'anywa ardhi na kupigwa, mpaka leo watu hawalitaji kamili. Mwaka 2018 mwanamke mzungu, Vicki Momberg, alihukumiwa kifungo kwa kuwatukana polisi weusi kwa neno hilo. Ukichukua kamusi huwezi kueleza tofauti hiyo. Ni kama madoadoa. Madoadoa kwenye ng'ombe au kitambaa ni madoadoa tu. Ila mtu wa Bonde la Ufa aliyepitia fujo za kikabila za miaka ya 90 na mwanzo wa 2008 ukimwambia “tuondoe madoadoa” haoni ng'ombe, anaona nyumba inayoungua.

Sasa nije kwenye kitu ambacho sisi tunacho na Wamarekani hawana, na nashangaa mtu wa kazi yako hukukitaja. Utani. Sisemi utani kwa maana ya mzaha mzaha, nasema utani wenyewe, ule wa watani wa jadi, ambao siku hizi vijana wanaujua kwa Simba na Yanga tu. Wataalamu wa kizungu waliuandikia sana, Radcliffe-Brown alichapisha makala yake maarufu 1940 na wenzake wakafuatilia Tanganyika. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara, wanateremka kutoka bara hadi pwani, wanapita nchi ya Wazaramo, wanahitaji maji, pa kulala, na mwenzao akifa njiani wanahitaji wa kumzika. Kutokana na kuhitajiana huko wakawa watani. Wengine walipata utani kutokana na vita, walipigana mpaka wakachoka, wakageuza uadui kuwa maneno.

Ukimsikia Mnyamwezi wa zamani na mtani wake Mzaramo ungedhani watauana. Anamwita mtumwa wake, anamwambia wewe babu yako tulimnunua kwa chumvi, anachukua kitu chake nyumbani bila kuomba, na mwiko mkubwa ni kukasirika. Lakini hebu nenda msibani uone. Mtani ndiye anayefika mapema, ndiye anayeweza kumuiga marehemu mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao, anaingia kaburini anagoma kutoka mpaka apewe chochote kitu, halafu huyo huyo anashika jembe anafukia, kazi zile ngumu ambazo ndugu wa damu hawawezi kuzifanya kwa majonzi zinamwangukia yeye. Umeona? Haki ya kukuita mtumwa kaipata kwa sababu ndiye atakayekuzika. Na wewe una haki ile ile kwake, neno linaenda na kurudi.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Ukitaka kujua kama unaruhusiwa kusema kitu usiulize kabila lako, jiulize una deni gani na hao unaowasema, na wakitaka kukurudishia watakurudishia kwa njia gani. Mwenzako Mkikuyu akishuka steji anarudi kwenye meza ya shangazi zake, Jumapili atakutana nao, wakichangishana hospitali yumo, akivuka mpaka watamwambia usoni na atawasikiliza. Kila joke anayopiga ina mahali pa kulipiwa. Wewe ulikuja, ukasema wanapenda pesa, ukachukua bahasha yako ukaenda. Yule mama angekujibu vipi? Hana maikrofoni. Njia pekee aliyokuwa nayo ni kusimama, na ndicho alichofanya, na kusema kweli ilihitaji moyo.

Ila sasa usidhani mwenzako namsafisha. Mtu kujisema mwenyewe mbele ya watu wake ni tofauti na kujisema mbele ya mchanganyiko ambao nusu yao wanamchukia na wanangoja tu mtu wa kuwahalalishia. Ndilo lililomtoa Chris Rock kwenye kile kipande chake. Na hata sheria yetu haimtambui mwenye kabila: Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inazungumzia maneno ya vitisho au matusi yanayokusudia kuchochea chuki ya kikabila au ambayo kwa mazingira yake yanaweza kuichochea, faini ni hadi milioni moja au kifungo hadi miaka mitatu au vyote, na hakuna mahali imeandikwa kwamba ukiwa wa kabila hilo unasamehewa. Joke yako ya pesa haifiki huko, usiogope, ila watu hudhani sheria inawabana wa nje tu na sivyo.

Na usiseme “lakini ni komedi” kana kwamba kicheko kinatakasa. Redio RTLM ya Rwanda ilipoanza kurusha Julai 1993 watu waliipenda kwa sababu ilikuwa inachangamsha, nyimbo nzuri, watangazaji wanaongea kama wako baa, wanataniana hewani, vijana wanapiga simu. Watutsi wakaitwa mende huku watu wakicheka. Miezi michache baadaye, Aprili 1994, sauti zile zile zikawa zinataja nani yuko wapi ili auawe. Sikulinganishi wewe na wao hata kidogo. Nasema tu kicheko kilikuwepo tangu mwanzo na hakikuzuia kitu, kilisaidia masikio kuzoea.

Haya, nimekuambia unafiki umeupita. Nikuonyeshe ulipo. Nilikuwa kwenye shoo moja mjini miaka kadhaa iliyopita, ukumbi mdogo, mlango mmoja. Mchekeshaji akaanza kuiga soja Mluhya, unajua zile, g zote zinakuwa k, “kari” inafika, funga “keti”, na anapenda ugali kuliko mshahara. Ukumbi ukalipuka, nami nilicheka. Nikageuka kuagiza soda nikamwona soja mwenyewe wa pale mlangoni, mzee wa kama miaka 55, sare imemzidi mabega, tochi mkononi. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akatabasamu. Mara ya tatu, ile ya mke wake kijijini, akashusha macho akawa anawasha tochi anaizima, anawasha anazima, na watu wanapita mbele yake wakienda msalani wanamwambia “soja, funga keti!” wanacheka wanaendelea. Hakuna mama aliyesimama kumtetea. Hakuna aliyeandika kwamba huo ni ukabila. Mimi pia sikusimama, na bado inaniuma.

Huo ndio unafiki wetu. Kabila likiwa na wenye sauti, wenye magari, wenye kuweza kukunyima kazi, joke inaitwa ukabila. Likiwakilishwa na soja, mpishi, yaya, dereva wa mkokoteni, joke inaitwa burudani. Tangu wale vijana watatu wa Redykyulass walipoanza kuchekesha nchi mwishoni mwa miaka ya 90 lafudhi ndiyo mkate wa komedi yetu, na sina shida na lafudhi yenyewe, wale walimuiga Moi akiwa bado rais na hiyo ilikuwa mishale ya kwenda juu. Mimi shida yangu ni ile inayoenda chini kila siku na kila mara kwa watu wale wale. Wewe ni mtu wa Kakamega, nina hakika umeishi na hiyo joke ya soja tangu shule ya msingi, ukacheka kwa sababu ukikasirika unaambiwa huna utani. Basi ile hali unayoijua, yule mama aliisikia kwa upande wake, pengine mwaka 2008 mtu alimwambia hivyo hivyo, nyinyi mnapenda pesa sana, kabla duka lake halijavunjwa. Sijui yaliyompata, wala wewe hukujua.

Na tuko wengi tunaobeba matusi bila kujua ni matusi. Wadorobo, neno limetoka kwa Wamasai, maana yake ni watu fukara wasio na ng'ombe, na tukalibandika kwa Ogiek kana kwamba ndilo jina lao. Wamang'ati wa Tanzania, wao wenyewe ni Wadatoga, na mang'ati kwa Kimasai ni adui. Baadhi ya watu wa Pwani waliitwa Wanyika, watu wa porini, mpaka miaka ya 1940 wakajichagulia jina lao, Mijikenda, miji tisa. Ukisikia mtu analalamika kwamba siku hizi watu wamekuwa wepesi kuudhika mkumbushe hao Wanyika, hawakuanza kuudhika juzi, ni sisi tulioanza kuwasikia juzi.

Sasa harusi yako ya Desemba. Bahati yako ni kubwa kwa sababu harusi ya makabila mawili inakupa kile ambacho shoo haikupi, wanakuwa wakwe, na wakwe wana utani wao halali. Nenda mapema ukae na watu wawili watatu wa kila upande, shangazi mmoja, mjomba mmoja, waulize wao wenyewe wanataniana vipi tangu mahari ianze, utapata vituko vya kweli, nani alichelewa kwenye ruracio, ile sherehe ya mahari ya Wakikuyu, mzee gani alivaa suti ya vipande vitatu juani. Hizo ni zao, hazimkati mtu, na zinachekesha kuliko pesa na samaki ambazo kila mtu ameshazisikia mara mia. Ukichokoza upande mmoja chokoza na wa pili papo hapo, na acha mtu wa ule upande akujibu, mpe maikrofoni kabisa, usimkatize. Jianze wewe, lafudhi yako ya Kakamega uitumie kwa kujivunia, usiitumie kuigiza soja. Na kabla ya yote tazama nani anahudumu pale ukumbini, anayemwaga soda, anayelinda magari.

Kimoja usikiguse kabisa hata mjomba mlevi akikuomba. Tohara. Najua bwana harusi ni Mjaluo na najua joke zitakuja zenyewe mdomoni, kuna neno kihii, la Kikuyu la kumwita asiyetahiriwa, ambalo Tume ya Utangamano ililiorodhesha 2022 miongoni mwa maneno ya chuki, lakini usiliache kwa sababu ya tume. Mwanzo wa 2008 kuna wanaume Wajaluo waliokamatwa Naivasha na Nakuru wakatahiriwa kwa nguvu, kwa panga, wengine kwa chupa zilizovunjika, mambo hayo yalifika mpaka mahakama ya Hague. Katika wageni mia tatu wa upande wa bwana huwezi kujua nani amekaa pale akiwa na kaka, au na mwili wake mwenyewe, uliopita hapo.

Halafu jambo la mwisho, hukuniuliza lakini nalisema. Namba ya yule mama iko kwa wenye ile sherehe. Mpigie. Usimpigie kumweleza kwamba ilikuwa joke, hilo alilijua. Muulize alisikia nini, na ukishauliza nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata kama itachukua nusu saa ya kredi yako.